Lia Ajitolea Kubatiza

Lia aliona mkono tu. Watu wengine ukumbini waliona ngoma, wanafunzi ishirini na kitu wameshikana katika mstari uliopinda, wanakwenda hatua mbele na hatua nyuma. Yeye aliona mkono wa Stratis aliyekuwa akiongoza, na ndani ya mkono ule, vidole vya Myrto.

Kila wimbo ulipokwisha alisubiri waachiane. Wengine waliachiana mara moja, wakajifuta jasho, wakaenda kunywa maji. Wale wawili walichelewa. Pengine zilikuwa sekunde mbili, lakini Lia alizihesabu na kwake zilikuwa nyingi.

"Mbona wamegandana hivyo?" alimwuliza Voula, mwenyekiti wa chama, aliyekuwa amekaa kando yake akifunga kamba za viatu.

"Ni ngoma ya kushikana mikono, Lia. Ulitaka washikane masikio?"

"Sisi wengine mbona tunashikana na hatukabani?"

"Kwa sababu wewe ulishikana na mimi. Ungekaba nini?" Voula alicheka, kisha akashusha sauti. "Nenda kamwambie unampenda, yaishe. Kila Jumatano unanitia maradhi ya moyo."

"Nani kasema nampenda?"

"Haya. Hakuna aliyesema."

Huyo ndiye Lia. Jina lake la ubatizo lilikuwa Garifalia, na alikuwa katibu wa chama cha wanafunzi wa Kigiriki, mwaka wa tatu wa uuguzi. Alikulia Horsham, mwendo wa saa tatu na nusu kwa gari kutoka Melbourne, ambako baba yake alikuwa na duka la samaki na chipsi na ambako familia ya Kigiriki ilikuwa yao peke yao. Kanisani walikwenda Pasaka, tena ile miaka ambayo duka liliweza kufungwa. Kigiriki chake kilikuwa cha jikoni: njoo ule, funga mlango, una wazimu wewe. Alipofika chuoni alijiunga na chama ili ajifunze lugha ya babu zake na ngoma zao. Lugha ilikuja kidogo kidogo, ngoma alizipata haraka. Mambo mengine hakuna aliyemfundisha, maana hakuna aliyejua kwamba hayajui.

Na Stratis? Stratis alikuwa mrefu, mpole, mwaka wa mwisho wa uhandisi, mwenye tabia ya kukuna kidevu anapotaka kusema jambo zito. Kwa miezi saba alikuwa akimrudisha Lia nyumbani kwa bibi yake Oakleigh, mtaa wa Wagiriki mjini Melbourne, kila Jumatano kwa gari la mama yake, gari lenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani, hivyo kila mara alishuka, akazunguka, akamfungulia. Walikuwa hawajawahi kushikana mikono nje ya ngoma. Lakini mwezi Septemba, wamesimama mbele ya nyumba, Stratis alikuna kidevu akasema, "Nikimaliza mitihani nina neno nataka kukwambia. Usiniulize sasa." Lia hakumwuliza. Alilala na neno lile na kuamka nalo, na kama angekuwa na akili zake timamu angetulia nalo hadi Novemba.

Shida ni kwamba wiki ile ile akatua Myrto. Alitoka Thesaloniki kusoma shahada ya pili, ana sauti ya chini na nywele fupi nyeusi, na Kigiriki chake kilitiririka hata wazee wa Oakleigh walimsimamisha njiani wamsikilize tu. Chama kikampa darasa la mazungumzo. Stratis hakukosa hata siku moja. Myrto akisema kitu, Stratis anacheka, na Lia, ambaye ndio kwanza anatafuta kitenzi kiko wapi, anacheka baada ya wote. Wivu ulimla hadi akapungua uso.

Jumatano hiyo, ngoma ilipokwisha, walivuta viti wakafanya mkutano. Mgeni wao alikuwa Polyxeni, aliyekuwa mwenyekiti miaka minne iliyopita. Alikuja na binti yake wa miezi minane ndani ya kigari, na wasichana wote wakamzunguka mtoto hadi Voula akapiga meza.

"Mimi na mume wangu tulikutana ndani ya ukumbi huu," alisema Polyxeni. "Tulikuwa tukigombania kiti, kama mnataka kujua. Kwa hiyo tunataka mtoto wetu abatizwe na chama. Wa kubatiza, yaani wasimamizi, wawe wawili, mwanamume na mwanamke. Stratis nimeshamwomba na amekubali. Mwanamke mnichagulie nyinyi."

"Myrto," alisema mtu mmoja nyuma. "Atasema Kanuni ya Imani kanisani bila kusoma."

"Kweli, Myrto," wengine wakaitika.

Hapo Lia aliona yote kwa mpigo mmoja. Aliwaona wawili hao mbele ya kanisa, mtoto kati yao, mshumaa mkubwa mweupe. Aliwaona wakienda pamoja madukani kutafuta nguo za ubatizo na msalaba mdogo wa dhahabu, wakipiga picha zitakazokaa ukutani kwa Polyxeni miaka arobaini. Alisimama kabla hajaamua kusimama.

"Mimi nitabatiza."

Ukumbi ukanyamaza. Stratis, aliyekuwa akimchezea mtoto kidole, aliinua uso akamtazama, na rangi ikamtoka.

"Wewe, Lia?" Polyxeni alimwangalia yeye, akamwangalia Stratis. "Pamoja na Stratis? Samahani, mimi nilidhani nyinyi wawili..."

"Sisi wawili nini?"

"Hapana, hakuna kitu. Nilisikia vibaya."

Myrto ndiye aliyemtazama kwa muda mrefu kuliko wote. "Una hakika?" aliuliza, pole pole, kwa Kigiriki rahisi kama anayesema na mtoto. "Umefikiri vizuri?"

Lia hakumpa nafasi. "Kwani kubatiza kunahitaji shahada? Nina hakika kabisa. Au ulikuwa unaitaka nafasi hii wewe?"

"Mimi?" Myrto alitabasamu kidogo. "Siitaki hata kidogo. Ichukue."

Lia akaketi, akaandika jina lake mwenyewe katika kumbukumbu za mkutano kwa herufi kubwa. Alishinda. Voula alimwinamia sikioni: "Umeamua basi." Akajibu, "Nimeamua." Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaendelea na ajenda.

Siku hiyo Stratis hakumrudisha nyumbani. Alisema gari lina kazi nyingine. Lia alipanda treni, na dirishani akajiambia kwamba kazi ni kazi.

Lakini siku tisa zilizofuata zilikuwa ndefu. Alimtumia ujumbe: twende lini kutafuta nguo za mtoto? Stratis akajibu, chagua wewe, nakuamini. Akampigia simu. Stratis alipokea, akazungumza naye kwa adabu ile wanayowekewa walimu na mapadri, akamwuliza mama hajambo, akakata. Jumatano iliyofuata Lia alipoingia ukumbini alimkuta ameketi dirishani na Myrto, vichwa karibu, na Myrto ameweka mkono juu ya mkono wake. Walipomwona hawakushtuka wala hawakuachana. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

*

Alhamisi mchana Bibi Stamatia alirudi kutoka Sydney alikokwenda kumwona binti yake. Alikuwa shangazi wa baba yake Lia, mjane, na Lia aliishi naye tangu alipoanza chuo. Hata hajafungua sanduku alikuwa ameshachuma majani ya mzabibu uani na kuchemsha, na sasa alikuwa akiyakunja na wali ndani, moja baada ya jingine, haraka kuliko macho yanavyofuata.

"Keti unisaidie. Umekonda. Ulikuwa unakula nini?"

"Nilikula, Bibi."

"Mama Pantelis alinipigia simu hadi Sydney. Pantelis anakusalimu. Duka la dawa sasa ni lake, baba yake amestaafu."

"Nisalimie."

"Utamsalimia mwenyewe. Mume ni yule, na wewe umenikazania Stratis wa mama msusi, mtoto wa watu walioachana, hata baba hajulikani yuko wapi." Bibi alibana jani. "Sitaki kusema, lakini nimesema."

Wimbo huo Lia aliujua wote. Ili kubadili mazungumzo akafungua mfuko aliokuja nao, akamwonyesha gauni dogo jeupe, kofia yake na viatu vya kitambaa. "Jumapili nabatiza, Bibi. Mtoto wa Polyxeni."

Uso wa Bibi ukafunguka. Alifuta mikono, akambusu mashavu yote mawili. "Hongera, mwanangu. Heshima kubwa hiyo. Peke yako?"

"Na Stratis."

Bibi alikaa chini. Halafu, ajabu, macho yakamlenga machozi.

"Kumbe una akili kuliko nilivyodhani. Na mimi nilikuwa nakusumbua bure. Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini?"

"Nilifikiri utaolewa naye. Usiku nilikuwa silali. Na wewe kumbe umelimaliza jambo kwa heshima, bila kumtukana mtu, bila kumwaibisha mama yake. Hata mimi nisingeweza kulitafuta vizuri hivyo."

"Nimemaliza jambo gani, Bibi?"

"Si mnambatiza mtoto mmoja? Watu wawili wakimpaka mtoto mafuta ya ubatizo pamoja wanakuwa ndugu mbele ya Mungu. Ndugu hawaoani. Hakuna padri atakayewafungisha, na akitokea mmoja, nani ataingia kanisani kuwashuhudia? Mwache aoe mwingine sasa, tutampelekea zawadi." Alichukua jani jingine. "Mbona umesimama?"

Lia alikuwa amesimama kweli, na gauni la mtoto limeshikwa kifuani.

"Kila mtu anajua hilo?" aliuliza.

"Lipi?"

"Hilo la ndugu."

"Hata paka wa kanisani anajua," alisema Bibi. Kisha mkono wake ukasimama juu ya bakuli, akamtazama vizuri. "Garifalia. Usiniambie hukujua."

Lia aliona tena ukumbi ulivyonyamaza, na Stratis alivyotokwa rangi, na Myrto akimwuliza kwa upole kama amefikiri vizuri. Alijifungia chumbani akalia, na Bibi Stamatia alisimama nje ya mlango akisema baba yako huyu, baba yako na samaki wake, hakukufundisha kitu. Hakusema kwamba ni afadhali imekuwa hivyo. Alitaka kusema, lakini kilio kile kilimshinda.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya chama kuuza kaimati uwanjani. Kila mwaka, wiki ya mwisho kabla ya mitihani, walitandika meza mbele ya maktaba, wakaweka karai la mafuta, na foleni ikafika hadi kwenye vituo vya baiskeli. Lia alifika saa sita mchana na macho yaliyovimba. Stratis alikuwa kwenye karai, amevaa aproni, akiminya unga kwa ngumi na kuukata kwa kijiko. Myrto alisimama kushoto kwake, akimimina asali na mdalasini. Walikuwa na mwendo mmoja: huyu anaopoa, huyu anamimina, bila kuangaliana. Wivu ukamchoma Lia mahali pale pale pa siku zote. Safari hii alijua hana haki nao, na ukazidi kuchoma.

Alimwendea Myrto kwanza.

"Ulijua."

Myrto hakujifanya haelewi. Aliweka chupa ya asali chini, wakasogea nyuma ya meza. "Kila mtu alijua. Nilikuuliza kama una hakika, na ukaniuliza kama nataka nafasi yako."

"Uliniona sijui."

"Nilihisi. Nilipofika nyumbani nikahisi zaidi."

"Na hukusema neno siku tisa."

"Kwa nini niseme?" Myrto alikunja mikono. "Lia, mimi sina mtu hapa. Nina chumba, nina kitanda, nina simu ya mama yangu kila Jumapili. Nimempata mtu mmoja ninayependa kukaa naye, na kila akikaa nami anazungumzia wewe. Lia amesema hivi, Lia amecheka vile. Nimechoka kukusikia. Halafu wewe mwenyewe, mbele ya watu thelathini, unanifungulia mlango. Ungekuwa wewe ungeufunga?"

Lia angependa kumchukia mtu yule. Aligeuka akamwita Stratis.

Stratis alimkabidhi Voula kijiko, akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Alisimama hatua tatu mbali naye.

"Nguo umepata?" aliuliza.

"Nimepata. Stratis, mimi sitabatiza."

"Jumapili ni keshokutwa. Polyxeni yuko pale kwenye foleni."

"Nitamwambia mwenyewe na nitamwomba radhi. Siwezi kubatiza na wewe. Na mtu mwingine nitabatiza hata watoto kumi, na wewe siwezi."

Stratis alikunja uso. "Umefanya hivi kunitesa? Kama ulitaka kunikatalia, ungesubiri niseme kwanza. Nilikuwa nahesabu siku hadi mwisho wa mitihani. Nilishamwambia hata mama. Kisha unasimama mbele ya chama kizima unasema unataka kuwa dada yangu. Nilitaka nife pale pale, Lia. Na sasa hata hilo hulitaki?"

"Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Sikujua kwamba watu waliobatiza pamoja hawaoani. Nimeambiwa jana na Bibi, na Bibi alikuwa amefurahi kama ameshinda bahati nasibu. Horsham hatukuwa na mtu wa kutuambia. Mimi niliona tu wewe na Myrto mbele ya kanisa mmebeba mtoto, nikasimama. Nilikuwa na wivu, ndiyo. Nina wivu mpaka sasa hivi. Nimewaona na hayo makaimati yenu nikataka kupindua meza."

Stratis alimtazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Alikuna kidevu. Alianza kucheka, akaacha, akakifunika kinywa kwa mkono wenye unga.

"Ulikuwa na wivu," alisema.

"Usinicheke."

"Sikucheki. Siku tisa sijala, nitakucheka kwa nguvu gani?"

Polyxeni alikuwa ameshawafikia, mtoto begani. Lia alimweleza yote, kwa Kigiriki chake cha jikoni kilichovunjika kila mahali, na Polyxeni akasikiliza hadi mwisho bila kumsahihisha.

"Mimi nilisema," alisema alipomaliza. "Nilimwambia mume wangu, hawa wawili kuna kitu hakijakaa sawa. Haya, sijakasirika. Lakini kanisa limeshapangwa, na mjomba anatoka Adelaide. Nani atasimama na Stratis?"

Voula alizima moto chini ya karai. Wote wanne walijua ni nani awezaye kusema Kanuni ya Imani bila kusoma, na alikuwa amesimama hatua mbili tu nyuma yao, amesikia kila neno.

Lia alitaka kulitaja jina hilo yeye. Moyo wake mbaya ulilifurahia, ukaliweka kwenye ncha ya ulimi. Kisha akauona uso wa Myrto, na akanyamaza.

Stratis ndiye aliyemwendea. Alikwenda pole pole, akasimama mbele yake.

"Myrto," alisema. "Njoo ubatize na mimi Jumapili."

Myrto aliinua kichwa. "Unajua unaniomba nini?"

"Najua."

"Yeye hakujua. Wewe unajua." Macho yake hayakutoka usoni mwa Stratis. "Basi liseme, ili nisije nikajidanganya baadaye."

Stratis alikuna kidevu. "Nakuomba uwe dada yangu."

Lia aliinamisha uso. Siku zote hizo alikuwa ameomba dakika hii ije, na sasa ilipokuja alishindwa kuitazama. Alisikia foleni ikinung'unika, akamsikia mtoto wa Polyxeni akipiga kelele za kutaka asali. Halafu akasikia sauti ile ya chini, imara, ikitamka kila neno kwa unadhifu wake wa siku zote.

"Nguo anazo Lia," alisema Myrto. "Mshumaa nitanunua mimi. Saa ngapi tunatakiwa kanisani?"